Rangi ya mlizamu kwa nyumba za Unguja na Pemba: ipi ichaguliwe kwanza

Katika ujenzi wa nyumba zetu, mlizamu wa maji ya mvua, yaani gata, huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kununuliwa. Kenchi zimekwisha kufungwa, bati limekwisha kupigwa, ukuta umekwisha kupakwa rangi, na fedha nazo zimekwisha. Ndipo mwenye nyumba anapokwenda Darajani au Mwanakwerekwe, au Chake Chake akiwa Pemba, akachukua gata lolote atakalolikuta dukani. Matokeo yake yanaonekana mitaani: nyumba yenye bati la damu ya mzee na ukuta wa rangi ya maziwa imezungushiwa mstari mweupe pe unaoukata uso wa nyumba, na bomba la kijivu linashuka ubavuni mwa mlango wa mbele. Kila kimoja ni kizuri peke yake, lakini hakuna aliyevichagua vikae pamoja.

Mwongozo huu unazipanga rangi za milizamu kwa daraja, kuanzia ile ninayoiona inafaa nyumba nyingi zaidi za visiwani hadi zile ambazo ningemshauri mnunuzi aziache. Nimezipima kwa mambo mawili. La kwanza ni jinsi rangi inavyokaa na paa, ukuta, milango na madirisha. La pili ni jinsi itakavyokuwa baada ya masika kadhaa, jua la mwaka mzima na upepo wa chumvi. Jambo hili la pili nimelipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mlizamu uliopauka au uliochuruzika kutu huiharibu sura ya nyumba nzima, hata kama siku uliponunuliwa ulikuwa wa rangi ya kupendeza kuliko zote dukani.

Mambo yanayoiamua rangi kabla ya macho

Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na Pemba kiasi cha nyuzi 5. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Baina ya miezi hiyo jua la adhuhuri huelemea kaskazini, na miezi iliyobaki huelemea kusini. Maana yake ni kwamba hakuna upande wa nyumba unaosalimika mwaka mzima, na upande wa kaskazini hupigwa kwa kipindi kirefu zaidi, kiasi cha miezi saba. Kuta zinazotazama mashariki na magharibi nazo hupata jua la mshazari kila asubuhi na kila alasiri. Mlizamu uko ukingoni kabisa mwa paa, mahali ambapo hata kivuli cha paa lenyewe kinausaidia kidogo sana.

Jua hili halizitendei rangi zote sawasawa. Rangi zinazotokana na oksidi ya chuma, yaani hudhurungi, damu ya mzee na wekundu wa udongo, hustahimili sana, kwa kuwa asili yake ni kutu iliyokwisha kutulia na haina tena cha kubadilika. Nyeupe hutokana na oksidi ya titani, ambayo katika plastiki hufanya kazi ya ziada ya kuikinga isipasuke kwa miale ya jua. Zinazoteseka zaidi ni nyekundu kali, rangi ya chungwa na manjano ing'aayo. Nyingi kati ya hizo hutengenezwa kwa kemikali ambazo miale ya jua huzivunja, nazo hupauka zikawa na weupe wa vumbi.

Chumvi ni mtihani wa pili. Vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi, hupokea kusi moja kwa moja kutoka baharini, ilhali upande wa Mji wa Zanzibar, ulio magharibi, hupata nafuu kidogo kwa kuwa kisiwa kizima kinaukinga. Kwenye chuma kilichopakwa rangi kiwandani, kutu haianzii katikati ya bati, mahali ambapo rangi ni nzima. Huanzia kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi, kwenye tundu la skrubu na kwenye mkwaruzo wa ngazi ya fundi. Ukiutazama kwa karibu ukingo wa mlizamu wa namna hiyo uliokaa pwani kwa misimu michache, utaona mstari mwembamba wa rangi ya kahawa umeinama juu ya ncha, na rangi iliyo pembeni yake imefura na kuinuka kama ganda la kitunguu. Mstari huo kwenye mlizamu wa hudhurungi hauonekani na mpita njia. Kwenye mlizamu mweupe unaonekana tangu barabarani.

Kisha kuna mvua yenyewe. Unguja hupata takriban milimita 1,600 kwa mwaka na Pemba takriban milimita 1,900, sehemu kubwa ikinyesha wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, baina ya Oktoba na Disemba. Unyevu huo hulea ukungu na kijani cha mwani kwenye upande wa nyumba usiopata upepo, hasa chini ya miembe na mikungu, ambayo majani yake yakioza ndani ya mlizamu hutoa maji ya rangi ya chai yanayofurika na kuacha michirizi kwenye uso wa nje. Na Pemba, ambako udongo mwingi wa vilimani ni mwekundu na wenye mfinyanzi, matone ya mvua hurusha tope hadi kimo cha magoti kwenye ukuta na kwenye bomba la kushushia maji.

Mwisho ni kitu mlizamu ulichotengenezwa nacho, maana si kila rangi inafaa kila kitu. Plastiki ya PVC hutanuka sana kwa joto. Kipande cha mita 4 kikipanda nyuzi 40, jambo linalowezekana kwa kipande cheusi kilichopoa alfajiri kisha kikapigwa na jua la saa saba mchana, hurefuka kwa kiasi cha sentimita moja, ilhali kipande cha chuma cha urefu huo hurefuka kwa milimita mbili hivi, na alumini kiasi cha mara mbili ya chuma. Plastiki ya rangi iliyokoza hunyonya joto zaidi, hujongea zaidi, hupinda baina ya vibanio na huchomoka kwenye viungio. Kwa hiyo mtu anayenunua PVC achague rangi nyepesi, na anayetaka rangi iliyokoza anunue chuma au alumini. Ushauri huu peke yake ungeziokoa nyumba nyingi.

1. Mlizamu wa rangi ya bati, bomba la rangi ya ukuta

Hili ndilo chaguo ninaloliweka mbele ya yote. Mlizamu ukiwa na rangi ileile ya bati, jicho huuona kuwa ni ukingo wa paa. Paa huonekana nene na limekamilika, na ukuta hubaki safi chini yake. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Unguja na Pemba zimeezekwa kwa bati la rangi, damu ya mzee, hudhurungi ya chokoleti, kijani kilichokoza au kijivu cha mkaa, na rangi zote hizo zinavumilia kuwa mstari mrefu ukingoni. Paa likipauka kidogo kidogo kwa miaka, mlizamu uliotoka kwenye bati la aina ileile hupauka nalo, na tofauti haionekani.

Njia bora ya kulipata hili ni kumwagiza fundi bati akunje mlizamu kutoka kwenye bati bapa la rangi lililotoka kiwanda kilichotoa bati la paa. Viwanda vingi vya mabati ya rangi hutumia namba za RAL, mfumo wa kuzipa rangi namba uliobuniwa Ujerumani mwaka 1927, na muuzaji makini anaweza kukutajia namba ya bati lako. Hudhurungi ya chokoleti ni 8017, kijivu cha mkaa ni 7016, kijani cha ukoga ni 6005, nyekundu ya oksidi ni 3009, na ile nyekundu ya divai iliyo karibu na damu ya mzee ni 3005. Usinunue kwa jina. Bati mbili zinazoitwa «maruni» katika maduka mawili zaweza kuwa mbali kabisa zikikutana juani. Namba huondoa ubishi huo.

Kuna jambo dogo ambalo mnunuzi hana budi kulisimamia mwenyewe. Bati la rangi huwa na rangi kamili upande mmoja tu. Upande wa pili huwa na tabaka jepesi la kijivu au nyeupe hafifu. Mwambie fundi kabla hajaanza kukunja kwamba upande wa rangi utazame nje, kwa kuwa wapo wanaoukunja ndani wakidhani kwamba maji yanahitaji upande ulio imara zaidi, na mwenye nyumba akaishia na mlizamu wa kijivu chini ya paa la kijani. Na kila ukingo uliokatwa ufutwe chembe za chuma na kupakwa rangi ya kugusia siku ileile, kabla mlizamu haujapandishwa.

Ama bomba la kushushia maji, lenyewe lisifuate paa. Bomba liko ukutani, nalo likiwa na rangi ya paa huchora mstari wa wima unaovuta macho bila sababu, hasa kwenye ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa. Lipake rangi ya ukuta, lipitishe kwenye pembe ya nyumba badala ya kati ya madirisha, na hakuna atakayeliona. Kwa kazi hii bomba jeupe la PVC linafaa sana, kwani hupokea rangi ya maji ya ukutani vizuri likisuguliwa kwanza kwa msasa laini na kufutwa vumbi.

Chaguo hili lina mahali linaposhindwa. Kama bati ni la zamani na limekwisha kupauka, mlizamu mpya wa rangi ya asili utaonekana kama kiraka. Hapo acha kulifuata paa, ufuate ubao wa ukingo wa paa, ule ambao mafundi wanauita fishabodi, kwa sababu ubao unaweza kupakwa upya siku moja na mlizamu na vyote viwili vikaanza umri pamoja.

2. Nyeupe

Nyeupe ndiyo rangi inayopatikana kwa wepesi kuliko zote, hasa kwa PVC, na kwa nyumba nyingi za visiwani ina haki ya kuwa chaguo la pili, na pengine la kwanza. Inafaa zaidi nyumba yenye ukuta mweupe au wa chokaa, fremu nyeupe za madirisha na fishabodi nyeupe. Hapo mlizamu huungana na ubao ulio nyuma yake na kuwa ukanda mmoja safi, na paa la rangi yoyote, liwe la kijani au la damu ya mzee, hukaa juu ya ukanda huo kwa utulivu. Haifai pale ambapo hakuna kitu kingine cheupe katika uso wa nyumba. Kanuni ninayoitumia ni kwamba mlizamu mweupe utafute mwenzake. Kama madirisha ni ya alumini ya rangi ya shaba, ukuta ni wa rangi ya mchanga na ubao ni wa kahawia, mstari mweupe utabaki mgeni.

Sifa yake kubwa ni joto. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, kwa hiyo PVC nyeupe hujongea kidogo na viungio vyake hudumu. Kasoro yake ni kwamba haifichi chochote. Vumbi, kijani cha mwani, michirizi ya majani na, zaidi ya yote, kutu ya vibanio na skrubu huonekana mara moja. Nimeona milizamu mizuri ya PVC, isiyoweza kushika kutu hata ikitaka, imejaa michirizi ya rangi ya kahawa kwa sababu tu ilifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida. Kwa hiyo anayechagua nyeupe ajiwekee masharti mawili: skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na vibanio viwe vya plastiki yenyewe, na mlizamu uoshwe kwa maji, sabuni na kitambaa laini angalau kabla ya masika na baada ya vuli. Aliye na nyumba chini ya mkungu au mwembe, na hana mtu wa kupanda ngazi mara mbili kwa mwaka, ateremke hadi chaguo la tatu au la nne.

Angalia pia kwamba nyeupe ziko nyingi. Ipo nyeupe yenye ukijivu, namba 9002, na ipo nyeupe kali, namba 9016. Zikiwekwa bega kwa bega ile ya kwanza huonekana chafu. Kama fremu za madirisha tayari ziko ukutani, chukua kipande cha mlizamu ukakishike kando ya fremu kabla ya kulipa.

3. Hudhurungi na kahawia iliyokoza

Kwa nyumba iliyotumia mbao kwa wingi, milango ya mvule au mkangazi, baraza yenye nguzo za mbao, madirisha ya vipepeo, hudhurungi ni rangi ya heshima. Mlizamu huirudia rangi ya mlango huko juu, na nyumba huonekana imefikiriwa na mtu mmoja tangu mwanzo. Inakaa vizuri sana na kuta za rangi ya maziwa, ya mchanga na ya udongo, na haikatai paa la damu ya mzee. Inaficha tope, kutu na maji ya majani kuliko rangi nyingine yoyote, na jua haliiwezi kwa urahisi. Kwa Pemba, penye udongo mwekundu na miti mingi karibu na nyumba, ningeiweka sawa na chaguo la kwanza. Iwe ya chuma kilichopakwa kiwandani au alumini. Ikiwa lazima iwe ya PVC, vibanio visogezwe karibu, visizidi nusu mita baina ya kimoja na kingine, na fundi aache nafasi ya kujongea ndani ya kila kiungio.

4. Kijivu

Kijivu cha wastani kinastahili kuangaliwa zaidi kuliko kinavyoangaliwa. Nyumba zetu nyingi huhamiwa kabla hazijapigwa plasta, na ukuta wa matofali ya saruji ni kijivu. Mashariki mwa Unguja zipo kuta za mawe ya matumbawe zilizoachwa wazi, nazo zina kijivu chenye weupe ndani yake. Kwenye kuta hizo, mlizamu wa kijivu hukaa kana kwamba ulizaliwa nazo. Vilevile unaafikiana na bati la kawaida lisilopakwa rangi, ambalo mng'ao wake wa mwanzo hufifia likawa kijivu tulivu. Mwenye nyumba anayejua kwamba atapiga plasta baada ya miaka miwili na hajui atachagua rangi gani, achague kijivu, maana karibu rangi yoyote ya ukuta itakubaliana nacho baadaye, isipokuwa zile za manjano ya joto.

Alumini isiyopakwa rangi naiingiza humu. Karibu na bahari hufunga utando wake wenyewe wa kujikinga na kupoteza mng'ao, lakini haichuruziki kutu ukutani. Kwa nyumba iliyo ufukweni mwa Jambiani au Nungwi, mwenye uwezo wa kuilipia atakuwa amefanya vyema.

5. Maziwa na mchanga

Rangi hizi huificha milizamu kwenye kuta za rangi hizo hizo na hazioneshi vumbi kama nyeupe. Tatizo ni kuzipata zikiwa zimelingana. Maziwa ya kiwanda kimoja yana umanjano, ya kingine yana upinki, na ukuta wako una yake. Nunua tu ikiwa utaupaka mlizamu rangi ya ukuta mwenyewe.

6. Kijani na buluu

Kijani kilichokoza kikiwa cha paa lenyewe kimekwisha kuingia katika chaguo la kwanza. Hapa nazungumzia mtu mwenye paa la rangi nyingine anayetaka mlizamu wa kijani au wa buluu ili kuipamba nyumba. Inawezekana kwa sharti moja, kwamba rangi hiyo iwepo tayari mahali pengine, kwenye milango na mbao za madirisha kwa mfano, na ukuta uwe mweupe. Nyumba nyingi za vijiji vya pwani zina mlango wa buluu kwenye ukuta wa chokaa, na mlizamu wa buluu hiyohiyo juu yake hupendeza kweli. Bila mwenzake, rangi hiyo hulalamika peke yake ukingoni mwa paa.

7. Nyeusi, kisha nyekundu kali

Nyeusi ti imeingia pamoja na madirisha ya alumini nyeusi yanayowekwa katika nyumba mpya za Fumba na Mbweni. Kwa sura, mlizamu mweusi na fremu nyeusi kwenye ukuta mweupe ni mpango unaoeleweka. Lakini uwe wa alumini, na bomba lisiwe jeusi. PVC nyeusi kwa jua letu siipendekezi hata kwa bei ya kutupa. Chumvi pia huonekana kwenye nyeusi, ikikauka kama ukungu mweupe siku za kusi.

Nyekundu kali naiweka mwisho kabisa. Anayependa wekundu achukue damu ya mzee au nyekundu ya udongo, ambazo zitakuwa zilezile baada ya miaka. Nyekundu ya kung'aa itageuka kuwa waridi iliyochoka, na hakuna rangi ya ukuta itakayoiokoa.

Mji Mkongwe

Haya yote yanabadilika ukiingia Mji Mkongwe, ambao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Huko mwenye nyumba haamui peke yake. Mabadiliko ya uso wa nje wa jengo hupitia kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na ruhusa iombwe kabla ya kununua chochote. Kuta ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari nyingi zimebebwa na boriti. Maji yakiingia ndani ya ukuta huo, chokaa hulegea na vichwa vya boriti huoza mahali visipoonekana. Kwa hiyo mlizamu unaofanya kazi ni muhimu zaidi huko kuliko popote visiwani, na rangi yake iwe ya kunyamaza. Ushauri wangu ni chuma cha zinki kilichoachwa kififie, au kilichopakwa rangi ya ubao wa ukingo, na bomba la rangi ya chokaa ya ukuta. Plastiki nyeupe inayong'aa juu ya mlango wa nakshi ni jambo linaloumiza, na halina sababu ya kutokea.

Nyumba za makuti sizijumuishi. Kwa kawaida hazifungwi milizamu, na maji yake huwa na rangi.

Ukiwa na mlizamu tayari na unataka kuubadilisha rangi

Watu wengi hawana haja ya kununua mpya. Zinki ya zamani iliyokwisha kufifia hupokea rangi vizuri ikioshwa, ikipigwa msasa na kupakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kutangulizia, ya kuzuia kutu. Zinki mpya ni hadithi nyingine: usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu yake, kwa sababu mafuta ya rangi na zinki hukutana yakafanya tabaka la namna ya sabuni chini ya rangi, na baada ya mvua chache yote hubanduka vipande vipande. Tumia praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. PVC nayo ipakwe rangi ya maji, na isipakwe rangi iliyokoza sana kuliko ile iliyozaliwa nayo, kwa sababu ya joto lililoelezwa hapo juu.

Upande wa ndani wa mlizamu usipakwe rangi kabisa ikiwa maji yanaingia tangini kwa matumizi ya nyumbani. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, na familia nyingi zinayategemea maji hayo. Rangi ya ndani hubanduka na kuingia humo, nayo haiongezi uzuri wowote kwa kuwa hakuna anayeiona.

Siku ya kununua

Chukua kipande cha bati la paa, au picha yake ikiwa hakuna njia nyingine, pamoja na kipande cha fishabodi. Usilinganishe chini ya taa ya duka. Toa vipande nje juani, kisha uvitazame tena kivulini, kwa kuwa mlizamu utakaa hali zote mbili. Uliza namba ya rangi, unene wa bati na kama limepakwa rangi kiwandani au limepulizwa rangi na fundi. Bati lililopulizwa hukwaruzika kwa ukucha. Kama duka lina mlizamu wa maonesho uliokaa nje kwa muda, pitisha kitambaa cheusi juu yake. Kitambaa kikitoka na unga, rangi hiyo imekwisha kuanza kuoza kwa jua, na itafanya vivyo hivyo kwako.

Nunua vyote kwa mkupuo mmoja, gata, viwiko, vizibo, vibanio na skrubu, kwani toleo la mwezi ujao laweza kutofautiana kidogo na hili. Agiza kipande kimoja cha ziada na kopo dogo la rangi ya kugusia, uvihifadhi stoo mahali pakavu. Na kwa walio Pemba, au popote penye udongo mwekundu, mwambie fundi wa rangi aipake sehemu ya chini ya bomba, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, rangi ileile iliyopakwa kwenye mkanda wa chini wa ukuta. Tope la masika litarukia hapo kila mwaka, na ndipo patakapohitaji kupakwa upya mapema kuliko mahali pengine.